Wimbo wa Alfajiri Saa Nane Mchana

Ukinikaangia samaki kwa mafuta ya haradali, sili hata leo. Ile harufu hunibana kifua.

Utotoni, mama alipokuwa kazini zamu hospitalini, nilishinda kwa jirani yetu Mbengali, kwenye fleti yake pale Doha. Alinifundisha kwamba kila raga, ule mkondo wa sauti unaobeba nyimbo zao, ina saa yake, na ya alfajiri haiimbwi mchana.

Siku moja saa nane mchana, samaki wakiungua kikaangoni, akaanza kuimba ile ya alfajiri. Nikamvuta nguo.

"Anti, umekosea saa."

Hakugeuka. Simu ilikuwa mezani, haijakatwa, na upande wa pili watu walikuwa wakilia.

"Mama yangu hajaamka leo," alisema. "Namwamsha."

Nikakimbilia mlangoni kumngoja mama. Kila lifti ilipofunguka, aliyetoka hakuwa mama yangu.