Kura za Matonge

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi huku Anderlecht, moja ya manispaa za Brussels, na sijawahi kumwona akishindwa na mtu, mimi mumewe nikiwa wa kwanza kusalimu amri. Aliposema atagombea udiwani, jamaa zetu wa Bujumbura waishio hapa walicheka. Eti anayefundisha watoto wadogo atawaweza watu wazima? Hasira ile bado ninayo.

Basi tukaingia Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika hapa mjini. Kila Jumamosi tulipanda na kushuka barabara yake, Chaussée de Wavre, na vipeperushi vyetu. Wauza vitenge walimkumbatia, vinyozi wakabandika picha yake kwenye vioo, kila mtu akaapa kura yake ni yetu. Nilitembea kifua mbele. Kwangu mimi alikuwa ameshashinda.

Aliyetuzindua ni muuza mihogo mmoja, mama wa Lubumbashi, aliyemnyooshea kidole na mwenzake wa meza ya pili.

“Maman, miye niko naikala Evere. Ule, Schaerbeek. Alors, tutakuchagua namna gani?”

Hizo ni manispaa nyingine, zenye madiwani wao. Matonge watu huja kununua na kusalimiana. Kulala wanalala kwingine, na mtu hupiga kura anakolala. Anderlecht yenyewe hatukuwa tumebisha hata mlango mmoja, na uchaguzi ulikuwa umekaribia.

Mimi nilikata tamaa. Yeye alivaa raba, akaanza na maghorofa yaliyo karibu na shule, nami nikamfuata. Lifti nyingi mbovu. Mlango ukifunguliwa, hakutaja chama. Aliuliza tu, “Mtoto anaendeleaje na kusoma?” Wamoroko, Waromania, hata bibi mmoja wa Kibelgiji ambaye mjukuu wake alipita mikononi mwa mke wangu, wote walituvuta ndani. Chai niliyokunywa siku zile! Penye nia pana njia, wanasema. Anderlecht pana na ngazi.

Alishinda. Siku ya kuapishwa nilikaa kwenye viti vya wageni, suti imenibana, raha imenijaa. Wale waliocheka nao walikuja, wamependeza kuliko mimi.

Madiwani wapya waliingia mmoja mmoja. Alipotokea yeye, vijana waliojaa nyuma yangu, wanafunzi wake wa zamani, wengine na ndevu zao, walisimama wote bila kuambiwa, kama darasani.

“Bonjour, Madame!”

Aliwatazama kwa jicho ninalolijua, akashusha kiganja taratibu. Wakaketi. Na mwenyekiti wa baraza, aliyekuwa amesimama mbele kutusomea utaratibu, naye akaketi.