Boti Isiyokwenda Popote

Mwaka wangu wa pili wa kazi za ndani Dubai, madam alinipeleka Ufaransa kwenye likizo yao ili nimwangalie mtoto. Siku moja tulipanda boti kwenye mfereji mwembamba uliopita katikati ya mashamba. Ilikwenda polepole mno, hata mwanamke aliyekuwa akitembeza mbwa ukingoni akatupita.

"Madam, tunakwenda wapi?"

"Hatuendi popote. Mtoto yuko na baba yake. Wewe kaa tu."

Nikakaa, sijui mikono niiweke wapi. Jioni tukashuka palepale tulipopandia.

Tuliporudi Dubai, dada yangu anayekaa Al Qusais akaniuliza boti ilitufikisha wapi.

"Haikutufikisha popote," nikamjibu. "Lakini nililala mchana, mbele ya madam, na hakuna aliyeniamsha."