Sangara wa Mama Mizani

Katika hifadhi ile, ambako ziwa limelala katikati ya jangwa kama sahani iliyosahauliwa nje, hakuna aliyelitumia jina la karani wa gatini. Wote walimwita Mama Mizani. Kwa miaka kumi na tisa alipima samaki wa wageni na kuandika kwa chaki kwenye ubao wa kibanda chake: nani kavua, samaki gani, kilo ngapi. Chini ya kilo moja huandikwi. Na kwa kuwa samaki wa mvuvi huzidi kunenepa kila anaposimuliwa, alitunga sharti: mshale wa mizani usomwe na mashahidi wawili wasio ndugu wa mvuvi.

"Hata aje mama yangu mzazi," alizoea kusema. "Bila mashahidi, hiyo ni hadithi, si samaki."

Mwenyewe hakuwahi kuvua hata dagaa. Wifi yake, dada wa mumewe na mwendesha boti wa hifadhi, alikuwa ubaoni mara tatu na hakuchoka kumkumbusha. Sasa Mama Mizani alikuwa amehamishiwa makao makuu mjini, kwenye ofisi ambayo maji yake ni ya bombani tu. Gari lingemchukua saa sita mchana. Kama jina lake lingepanda ubaoni, lingepanda asubuhi hiyo au lisipande tena.

"Ukipata samaki leo," wifi akamwambia, "nakubeba mgongoni mpaka kwenye gari."

"Anza kunyoosha mgongo, wifi," akajibu, akatupa ndoano.

Saa nne ikapita, saa tano ikaja. Jua lilichoma mbao za gati, na choroa wawili waliokuja kunywa maji wakamtazama, wakaenda zao. Mara mshipi ukakaza. Mama Mizani akapiga ukelele, akakaa chini pwaa.

"Mlegezee! Unamvuta kama ng'ombe wa mahari!"

"Nimlegezee nini, mbona yeye ndiye ananivuta!"

Alivuta kwa makalio, kwa meno, kwa jina la marehemu babu yake, hadi sangara akatua gatini, anang'aa kama sufuria mpya. Wakamtia kwenye beseni la mizani lenye matundu. Mshale ukatikisika, ukatulia: kilo moja na gramu mia sita.

"Andika basi!" wifi akaruka.

Chaki ilikuwa tayari mkononi. Mkono ukagoma.

"Mashahidi," akasema kinyonge.

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni wifi yangu."

"Kwa leo nakukana! Sina wifi!"

"Na kaka yako aliyenioa, ni wa jirani?"

Watu wengine walikuwa wawili tu, watazama ndege: mwalimu mstaafu na daktari wa meno. Siku ya tatu hiyo walikuwa wamelala kifudifudi kwenye mchanga chini ya turubai, wakimvizia furukombe, yule tai mla samaki, wampige picha. Mama Mizani akawaita kwa sauti zote alizokuwa nazo.

"Shhh! Mtamfukuza!" mwalimu akajibu. "Dakika tano!"

"Samaki hana dakika tano!"

Na kweli hakuwa nazo, maana kanuni ya hifadhi ilitaka arudishwe majini akiwa hai. Mama Mizani akammwagia maji kwa kikombe, huku akimbembeleza: vumilia baba, vumilia kidogo.

Hapo kivuli kikapita juu ya gati. Upepo ukampiga usoni, mabawa, makucha, kichwa cheupe pee! Alipofumbua macho, beseni lilikuwa linabembea tupu, na sangara wake alikuwa anapaa angani, anapunga mkia.

Mama Mizani akabaki ameshika kikombe.

"Nimempata! Nimempata!" Daktari alikuja mbio, mchanga hadi kwenye nyusi, kamera juu kama kombe. Mwalimu nyuma yake, kiatu kimoja. "Mama, tazama! Picha ya kabla hajagusa! Yaone hayo makucha!"

Mama Mizani akatazama. Pembeni mwa bawa alikuwepo yeye, kinywa wazi kama pango. Na katikati...

"Hapa. Kuza hapa. Soma mshale."

"Lakini mama, hili bawa..."

"Soma mshale, daktari!"

"Kilo moja na... mia sita."

"Mwalimu?"

"Mia sita barabara."

"Mna undugu na mimi? Hata wa mbali?"

"Hatuna!"

Basi akaandika, kwa herufi kubwa kuliko za wote, jina lake lote alilopewa na wazazi, na daktari akalisoma kwa sauti kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni. Penye safu ya *Amerudishwa majini?* akafikiri kidogo, kisha akaandika: *Amepaa*.

Honi ikalia. Wifi akashusha pumzi, akainama.

"Panda, kabla sijabadili mawazo. Na ufunge mdomo."

Hakuufunga. Dereva aliwaona wakija mchangani, mmoja anayumba kwa mzigo, mwingine juu yake anacheka hadi machozi, akafungua mlango haraka.

"Mgonjwa huyo?"

"Mgonjwa ni mimi," wifi akahema. "Huyu ni mvuvi."