Kiti cha Pili cha Gari la Bwana Ramji

Wenzangu tuliokulia Mwanza wakati wa Mwingereza, mikono ikinuka samaki furu na vichwa vikinuka samli, mnalikumbuka gari la Bwana Ramji, mnunuzi wa pamba pale Mirongo? Jekundu kama pilipili iliyoiva, halina paa, boneti ndefu kama mtumbwi. Likiwashwa, kuku wa Sengerema, huko ng'ambo ya maji, waliacha kutaga!

Viti vilikuwa viwili tu. Kimoja chake mwenyewe, cha pili cha mbeba maji, maana lile gari lilichemka kuliko chungu cha ugali. Kila kilima lilitaka kunywa. Bwana Ramji akatushindanisha wasichana, kila mmoja na kibuyu kichwani, tupande mlima. Binamu yangu Nyanzala alifika bila tone kumwagika. Mimi nilifika nimeoga.

Basi Nyanzala akapata kile kiti, akawa ananipita njiani, upepo unampiga usoni, mimi na mzigo wangu wa kuni. Nilimwonea wivu hadi uji nikauacha chunguni. Baba alinicheka: "Kabula, gari gani hilo? Ng'ombe wangu haombi maji katikati ya kilima!"

Siku moja likagoma kabisa. Nyanzala akamimina kibuyu kizima, wapi! Baba akatokea na maksai wake.

"Mzee Bundala, nisaidie, ndugu yangu," Bwana Ramji akamsihi baba.

"Nitalivuta. Ila binti yangu akae kile kiti."

Nikakaa! Nyanzala akafuata kwa miguu na kibuyu kitupu. Nikaupungia mji mzima mkono kama mke wa Gavana. "We Kabula, punguza mwendo, utatuua!" wakapiga kelele mama wauza samaki. Tulipofika dukani kwa Bwana Ramji, baba akafungua kamba, nami nikashuka nimevimba kwa fahari. Kumbe gari lilikuwa limeshapoa. Bwana Ramji akajaribu tena, likakohoa, likanguruma. Nyanzala akaruka ndani, wakapotea na vumbi lao.

Vijana wa leo wanageuza ufunguo, gari linaitika, na bado wananuna eti redio inakwaruza. Ningewacheka hadi jioni, ila Nyanzala yu hai, bibi wa wajukuu tisa, na kila tukikutana ananiuliza mbele yao: "Mwenzangu, upepo wa gari lile ulikuwa mtamu, eh?"

Mimi mle ndani nilisikia harufu ya maksai tu.