Mbuzi Aliyelelewa kwa Uji wa Bibi

Juzi nilikwenda mtaa wa Rwambuzi kumsalimia dada yangu, akanimiminia kikombe cha uji wa mtama. Nilikunywa nusu nikakiweka chini. Akanicheka: "Weye unachaguaka sawa ile mbuzi ya koko." Hakujua alikuwa amegusa kidonda.

Basi sikiliza, rafiki yangu. Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba, na ndiye aliyenilea hapahapa Bunia. Uji wake ulichachuka kidogo, ukinukia karanga za kukaanga na moshi wa kuni, na kikombe cha kwanza kilikuwa changu. Kisha mbuzi wake akafa akizaa, akaacha kitoto. Bibi alimtafutia maziwa kwa jirani, na yalipokosekana alimpakata, akachovya kidole kwenye uji na kumpa anyonye. Kikombe changu cha kwanza kikahamia kwake. Niliona wivu hata chakula hakikushuka.

Yule mbuzi mdogo alinenepa kuliko mbuzi wote, lakini majani hakuyagusa. Moto ukiwashwa tu, yuko mlangoni pa jiko. Bibi alikuwa akisema, "Ile kitu mutoto alionja wa kwanza, ndiyo anatafutaka siku zote," huku anampakulia.

Baba mdogo alipotaka kuoa, wanaume walichagua mbuzi wa mahari kwa unene, wakamswaga na yule wa uji kwenda kwa wakwe. Mimi siku hiyo nilivaa nguo za Jumapili, maana jikoni tulibaki mimi na bibi, na kikombe changu kilirudi.

Haikupita wiki, mkwe mmoja akaja akimkokota mbuzi, mbavu zote nje. "Mama, hii mbuzi yenu inakatala majani, inalia tu. Mutupatie ingine." Baba alikunja uso kwa aibu, maana mahari hairudishwi hivi hivi. Bibi alimwacha mgeni amesimama uani, akakimbilia jikoni kukoroga uji. Mimi niliporudi kutoka hospitali nikiwa mifupa mitupu hakunikimbilia hivyo, na jambo hilo bado linaniuma.

Jiko lile halipo tena, pamejengwa duka. Bibi naye tulimzika. Nimejaribu mtama uleule, nimeuchachua, nimeupika kwa kuni, lakini ulimi wangu haudanganyiki. Yule mbuzi alibaki kwetu mpaka akafa kwa uzee, bibi akiwa bado anakoroga. Hakuwahi kulazimika kunywa uji wa mtu mwingine. Namwonea wivu mpaka leo.