Siku Niliyojibu Kabla ya Kuulizwa

Waliokuwepo ni hawa, nawataja mapema asije mtu akasema Bibi Ngolo anatunga. Milembe, wifi yangu, mke wa mdogo wangu Shija. Kabula, jirani yangu, nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Mwalimu Nyanda, mwalimu mstaafu, binamu wa marehemu mume wangu Masunga, huyo ndiye aliyeshika karatasi ya maswali. Ng'wandu, mtu wa kampuni ya kununua pamba, aliyeshika kipaza sauti, kwao Maswa. Na Makoye, kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi pale Dutwa, ambaye kwangu hakuwa ndugu wala mkwe. Wengine walikuwa gulio zima, na karibu wote nawakumbuka kwa majina, lakini nikiwaandika hapa tutakesha.

Nayaandika haya kwa sababu mmeniuliza mara tatu kwenye kundi letu hili la chemsha bongo kwa nini mimi nasoma maswali yenu yote na sijibu hata moja, na juzi mmoja wenu akasema labda bibi huyu hajui kusoma. Najua. Nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, na naandika polepole kwa kidole kimoja. Sijibu kwa sababu ya aibu, na sasa nitaisema, maana wengi wa walioniona siku ile wameshakufa na mimi mwenyewe sina haraka tena ya kujificha.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia, ushirika umelegea, kampuni binafsi zinakuja kununua pamba yetu na kila moja inatuvuta kwake kwa namna yake. Milembe alikuwa mpiga chapa wa ushirika, akapunguzwa, akapata kazi Bariadi mjini kwenye chumba kimoja chenye kompyuta tatu, na hapo ndipo niliposikia neno intaneti kwa mara ya kwanza. Akanieleza kwamba mle ndani kuna watu wasiojuana sura, mmoja yuko Mwanza, mwingine Tanga, mwingine Ulaya huko, na kazi yao ni kutumiana maswali ya kupimana akili, bure kabisa, kwa kupenda tu (kama ninyi). Walikuwa wanajiita majina ya ajabu, Mama Kamusi, Kichwa Kigumu, Popo wa Mchana, na nawakumbuka hao nao ingawa sijawahi kuwaona.

Basi Milembe alikuwa anayatoa maswali hayo kwenye karatasi, Jumapili anakuja nayo Dutwa, tunakaa ukumbini tunachambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule, yeye anasoma mimi nabahatisha, nikishindwa ananiambia jibu. Sasa kichwa changu mimi kina tabia moja, kitu kikiingia sikioni kinakaa pale pale kilipokaa, hakisogei. Si kwamba naelewa. Nilipoambiwa mji mkuu wa Mongolia ni Ulan Bator sikujua Mongolia ni nchi au ni ugonjwa. Lakini niliweza kukuambia kwamba swali hilo ni la saba, na baada yake linakuja la sayari ya Zuhura, na Milembe alipofika hapo alikohoa.

Ikaja siku kampuni moja inafungua kituo chake cha kununulia pamba, wakachagua siku ya gulio. Walileta ngoma, walileta soda, na walileta baiskeli mpya, bado imefungwa makaratasi kwenye fremu, wakasema atakayejibu maswali mengi ya chemsha bongo anaondoka nayo. Mimi nilikuwa mjane wa miaka minne. Kupeleka mahindi mashineni nilikuwa naazima baiskeli ya Kabula, na kila nikiazima ananihesabia spoku kwa macho. Kwa hiyo Kabula aliponisukuma mgongoni na kusema, "Nenda ukakae, wifi yako si anakufundishaga maswali?", nikaenda. Tulikuwa watu sita kwenye benchi, mimi peke yangu mwanamke.

Mwalimu Nyanda akafungua karatasi, akasoma la kwanza, ziwa lipi Afrika lina kina kirefu kuliko yote. Nikalitambua. Si swali tu, nililitambua lile lote, mpangilio wa maneno, mahali pa kupumulia. Ilikuwa karatasi ile ile tuliyosomeana Jumapili iliyopita (baadaye nikajua kwamba mwalimu alikwenda pale pale kwa Milembe kutafuta maswali, akamwambia ni ya wanafunzi). Hapo ndipo ningenyanyuka, nikasema jamani hili ninalo, ulizeni wengine. Ningerudi nyumbani kwa miguu yangu na heshima yangu. Lakini niliitazama ile baiskeli na makaratasi yake, nikanyoosha mkono. Tanganyika.

La pili nikalipata. La tatu nikamwachia Mzee Jilala mwenye duka, ili nisionekane. La nne, mnyama gani ana mioyo mitatu, nikasema pweza, watu wakacheka kweli kweli maana pale Dutwa nani kamwona pweza, na kile kicheko kikanilevya. La tano nilijibu kabla mwalimu hajamaliza. La sita alisema neno moja tu, "Mfupa", nikajibu. Wakapiga makofi. Sauti ya Milembe ilikuwa imeanza kunisomea kichwani, iko mbele ya mwalimu, wazi kabisa kama amekaa begani kwangu, na mdomo wangu ulikuwa unaifuata yenyewe.

Mwalimu akafungua ukurasa wa pili. Hakuwa amesema kitu.

"Ulan Bator," nikasema.

Akaangalia karatasi. Akaniangalia. Akaikumbatia ile karatasi kifuani, maandishi yakiwa ndani, kama mtu anayeficha kitu kisionwe na macho. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakohoa pale Milembe alipokohoa, nikasema, "Zuhura."

Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama kichwani, gulio limejaa, na sikusikia kitu. Mpiga ngoma alikuwa ameshika fimbo zake hewani. Ng'ombe wa mnadani walikuwa wametulia. Nikawaona wanawake wa mstari wa mbele wanawageuza watoto wao nyuso, mmoja baada ya mwingine, polepole, wanawafunika kwa khanga. Jilala akainuka kwenye benchi akaenda kusimama kule, kisha yule wa pili, nikabaki peke yangu na ardhi tupu pande zote. Nikamtafuta Kabula. Alikuwa amerudi nyuma hatua kama kumi, na mkono ameuweka mdomoni.

Mtu mmoja nyuma akasema neno letu la Kisukuma, akalisema kwa sauti ya chini kabisa. "Nogi." Mchawi.

Sasa ninyi vijana mnaosoma haya hamjui neno hilo lilikuwa na uzito gani huku kwetu miaka ile. Huku miti ni michache, tunapikia mabua ya pamba na samadi ya ng'ombe, na moshi wake unachoma macho, mwanamke akifika umri wangu ule macho yanakuwa mekundu hayarudi tena. Nimezika wenzangu ambao ushahidi uliokuwepo juu yao ulikuwa ni hayo macho. Nami nilikuwa mjane, macho yangu yalikuwa kama nyanya, na nilikuwa nimekaa mbele ya gulio zima nikijibu maswali ambayo hayajaulizwa.

Milembe akajitokeza. Alijua anaweza kupoteza kazi, lakini alikuja mpaka katikati, akasema kwamba karatasi ile ameichapa yeye, na ni yeye aliyenisomea Jumapili. Nami nikasimama nikasema ndiyo, nimedanganya, nimewaibia, majibu nilikuwa nayo, baiskeli siitaki. Niliyasema hayo kwenye kipaza sauti cha Ng'wandu, kikapiga mluzi, gulio zima likasikia kwamba mke wa marehemu Masunga ni mwizi wa majibu. Nikadhani yameisha. Kumbe aibu ile haikutosha.

Kwa sababu mwalimu aliuliza, amesomewa mara ngapi? Milembe akasema mara moja. Hapo watu wakanung'unika. Mara moja, mama asiyekwenda shule, maswali yote hayo kwa mpangilio? Ni nani anayemkumbushia?

Makoye akaja. Alikuwa mtu mrefu, ana firimbi shingoni na rungu mkononi, na watu walimpisha. Akanisalimia mwadila kwa adabu, akaniita mayu, kama tunavyowaita mama zetu, na hilo likanitisha kuliko rungu. Akawaambia watu jambo ni rahisi, aulizwe swali ambalo haliko kwenye karatasi yoyote, na ambalo hakuna mtu aliye hai anayejua jibu lake. Asipojibu ni mwizi tu, aende nyumbani. Akijibu, tutakuwa tumejua anazungumza na nani.

Kisha akaishusha sauti.

"Mimi nilizaliwa Sapiwi. Mama yangu alikufa asubuhi ile ile. Bibi yangu ndiye aliyeniita Makoye, kwa sababu ya mashaka niliyokuja nayo. Lakini nimesikia kwamba mama alinipakata kabla hajakata roho, na kuna jina aliniita. Jina gani?"

Naomba mnielewe hapa. Mimi ni mtu wa Mwandoya, Dutwa nilikuja kwa kuolewa, na hakuna mtu pale aliyejua utoto wangu niliupitia wapi. Nilipokuwa na miaka kama tisa nilipelekwa kukaa na shangazi yangu Holo, Sapiwi. Shangazi alikuwa mkunga. Asubuhi moja alinichukua nimbebee kibuyu cha maji ya moto, tukaenda kwa mwanamke mmoja anaitwa Nyamizi, na mimi nilisimama mlangoni na kile kibuyu, nikaona kila kitu, maana hakuna aliyekumbuka kunifukuza. Nilimwona mtoto. Nilimwona Nyamizi anampokea, anamnusa utosini, na nilisikia alivyomwita, mara mbili, na mara ya pili hakuimaliza pumzi.

Kwa hiyo nilikuwa nalijua. Na pale katikati ya gulio, jua linawaka, nikamsikia Nyamizi kwa sauti ile ile, pale pale sikioni ilipokuwa imekaa sauti ya Milembe, akilisema. Mdomo wangu ulifunguka. Nawaapia ulifunguka, Milembe aliuona, alinishika mkono akaubana mpaka kucha zikaingia.

Na Makoye alikuwa analingoja jina hilo. Nilimwangalia usoni nikaona kwamba hakuuliza kwa ajili ya gulio. Lile rungu alikuwa amelisahau, limening'inia tu. Alikuwa ananiangalia jinsi mtoto anavyomwangalia mtu anayetoka safari.

Ningesema nini? Kwamba nilikuwepo? Nani angenishuhudilia, shangazi Holo aliyekuwa kaburini?

"Sijui, baba," nikasema. "Mimi nitajuaje?"

Watu wakapumua. Nilisikia ile pumzi kama mfuniko wa chungu unapoinuliwa. Kisha mmoja akacheka, wakacheka wote, cheko kubwa la watu waliokuwa wameogopa, na ngoma ikarudi. Kabula akaja akanishika bega, eti alijua tangu mwanzo kwamba ni wizi tu. Baiskeli akapewa Jilala kwa jibu lake moja. Nami nikapita katikati ya watu nikiwa nimefunika kichwa, na watoto wakinifuata wakiimba Ulan Bator, Ulan Bator, na jina hilo halikuondoka, mpaka leo Dutwa kuna watu wazima wenye wajukuu wananiamkia, "Shikamoo Bibi Ulan Bator." Naitikia. Jina hilo ni dogo kuliko lile jingine nililokuwa nipewe siku ile.

Makoye peke yake hakucheka. Aliinamisha kichwa, akarudi mahali pake.

Miaka ikapita, akawa akipita kwangu anasalimia kwa kirefu kuliko ilivyo lazima, anauliza mvua, anauliza pamba, anasimama. Siku moja, usungusungu ameshauacha, amekonda, akaegemea ule ua wa minyaa akasema, "Mayu, siku ile kweli hukujua?" Hapakuwa na mtu mwingine. Nilikuwa nasonga ugali, moshi umenijaa machoni. Nikasema sikujua. Sielewi mpaka leo nilikuwa namwogopa nani. Akashukuru, akaenda, na masika hayo hayo tukamzika kwa jina la Makoye.

Tangu siku hiyo sijibu maswali ya mtu, hata yale mepesi mnayotuma asubuhi, hata lile la juzi la pweza. Niliapa, na nimeshika kiapo. Ila leo nakivunja mara moja, kwa swali lile moja, kwa sababu mjukuu wangu Minza ananiambia kwenye kundi hili kuna binti wa Makoye, yuko Dar, anapenda maswali ya majina.

Binti yangu, bibi yako Nyamizi alimwita baba yako Buyegi. Furaha, kwa lugha yetu.

Ninyi mliokuwepo Dutwa, kama mpangilio wa maswali nimeukosea, au kama aliyekimbia benchi wa kwanza hakuwa Jilala, nirekebisheni. Na kama yupo mtu yeyote, popote alipo, aliyesimama mlango ule wa Sapiwi asubuhi ile akasikia jina jingine, namwomba anirekebishe na hilo.