Sufuria ya Presha na Mgeni wa Mlangoni

Mke wangu Kemunto alipojifungua mwezi uliopita, nilimnunulia sufuria ya presha, hizi zilizoanza kuonekana madukani Kisii juzi juzi, ili apate supu ya mifupa upesi. Jirani yetu aliahidi kuja kuiona kabla hajanunua yake.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni, leso ya Kemunto kiunoni, sufuria ikipiga mluzi. Kivuli kikatua mlangoni.

"Karibu, mama jirani!" nikasema bila kugeuka. Hakuingia. Nikadhani anaogopa mluzi, nikamweleza polepole, kama ninavyoeleza darasani: mvuke ukifungiwa ndani, mifupa hulainika haraka na makaa kidogo hutosha. "Nunua tu, hutajuta. Sogea uone, haiumi! Au unaogopa mwanamume aliyevaa leso?"

Kemunto, aliyechungulia dirishani, akaita kutoka chumbani, "Mwalimu, nyamaza! Huyo ni mama yangu!"

Kwetu mama mkwe na mkwewe huoneana haya. Hata kuingia nilimo hawezi, sembuse kuniona nimejifunga leso. Nikaganda, mwiko mkononi.

"Mwanangu," sauti ya upole ikatoka nje, "nimefumba macho tangu mwanzo. Endelea. Na maharagwe je, nayo hulainika haraka?"